Nikon wa Mlima Mweusi: mtawa aliyebana maktaba nzima kwenye kitabu kimoja kwa kuogopa vita, na jinsi Waslavi walivyokifanya ghala la ubishi

Kalamu_ya_Mwanzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna mjumbe aliuliza kwenye uzi mwingine: watawa wa Urusi walitoa wapi sheria zao za kuishi? Nani aliwaambia wale nini, wasali saa ngapi, wamiliki mashamba au wasimiliki? Jibu la haraka ni Konstantinopoli, na watu wengi huishia hapo. Lakini ukifuata miswada yenyewe unakutana na mzee mmoja ambaye hajulikani kabisa huku kwetu, na hata huko kwao wanamtaja kwa kupita tu. Anaitwa Nikon wa Mlima Mweusi. Vuteni viti.

Mlima Mweusi ni safu ya milima ya Amanus, juu ya Antiokia, leo ni mkoa wa Hatay kusini mwa Uturuki. Ndiyo Antiokia ile ile ya Matendo ya Mitume, ambayo sasa inaitwa Antakya na iliporomoshwa na tetemeko la Februari 2023. Katika karne ya 11 milima hiyo ilijaa monasteri za kila kabila: Wagiriki, Wageorgia, Waarmenia, Wakristo wanaozungumza Kiarabu. Vitabu vilikuwa vinatafsiriwa huko usiku na mchana.

Nikon alizaliwa Konstantinopoli kwenye miaka ya 1020, familia nzuri, akawa askari enzi za mfalme Konstantino wa Tisa Monomakhos. Baadaye akaacha upanga, akaenda Mlima Mweusi chini ya metropoliti (askofu mkuu) mstaafu aitwaye Luka wa Anazarbos. Shule hakuwa nayo sana. Alichokuwa nacho ni ile tabia ya askari: akikuta utaratibu haufuatwi, halali.

Na utaratibu ulikuwa haufuatwi. Luka alipompa kazi ya kuwanyoosha ndugu zake watawa, ndugu wakamgomea. Mwishowe akaondoka, akaenda monasteri ya Simeoni Mdogo, yule aliyeishi juu ya nguzo, iliyoko kwenye kilima kati ya Antiokia na bahari. Magofu yake bado yapo.

Sasa wekeni akilini miaka. Antiokia ilirudi mikononi mwa Wabizanti, watu wa dola ya Konstantinopoli, mwaka 969. Mwaka 1071 jeshi lao likapigwa Manzikert. Mwaka 1084 Waseljuki, yaani Waturuki Waislamu, wakaichukua Antiokia. Katikati ya hayo yote watawa wanakimbia huku na kule, na mtawa anayekimbia habebi maktaba. Hapo ndipo Nikon alipopata wazo lake: achukue kila chenye uzito kuhusu maisha ya Kikristo na ya utawa, Maandiko, kanuni za mitaguso (mikutano mikuu ya maaskofu), Basili Mkuu, Yohane Krisostomo, Yohane wa Ngazi, hadi sheria za wafalme, akate vipande, avipange kwa mada, awe na kitabu kimoja badala ya hamsini. Kikaitwa *Pandekte*. Sura 63.

Naendelea baadaye, nina wageni.

Bi_Mwanaisha

Nilidhani uzi wa kamera. Ila sitoki, nimeshakaa.

Fundi_Makenika

Mkuu Kalamu, mbona mimi naona huyu jamaa kakopi na kubandika tu? Vipande vya watu vimepangwa kwa mada, mbele anaandika jina lake. Leo hii mwanafunzi akifanya hivyo anaitwa ofisini.

Kalamu_ya_Mwanzi

@Fundi_Makenika swali zuri na ndilo kiini chenyewe.

Kwa mtu wa karne ya 11, kusema la kwako kuhusu utawa ndiyo lilikuwa kosa. Nikon alipowaambia wenzake "msifanye hivi", jibu lilikuwa "wewe nani?" Kwa hiyo akajificha nyuma ya wakubwa. Ukibisha, hubishani na Nikon, unabishana na Basili na mtaguso wa Kalkedoni. Na kinyume na wengi wa wakati wake, anataja kipande kimetoka wapi. Mwanafunzi wako wa ofisini asingeitwa kama angefanya hivyo.

Lakini kuchagua nako ni kusema. Ukiweka vipande kumi vinavyokataza watawa kufanya biashara kisha ukaweka kimoja tu kinachoruhusu kuuza kazi ya mikono kwa bei ndogo, msimamo wako unajulikana hata kama hujaandika neno lako. Mimi nikisoma mpangilio wake namwona yule askari kabisa.

Halafu kuna kitabu chake cha pili, *Taktikon*, sura 40, nyingi ni barua na kanuni alizoandikia watu waliomwuliza maswali. Huko ndiko anakofungua moyo. Anaeleza kwamba alikusanya tipikoni, yaani vitabu vya taratibu za ibada na maisha ya monasteri, za mapokeo ya Studios na za mapokeo ya Yerusalemu. Akazilinganisha. Akakuta ya Studios haipatani na ya Yerusalemu, hilo alilitegemea. Kilichomvuruga ni kwamba hata za Studios zenyewe kwa zenyewe hazipatani, na za Yerusalemu vilevile.

Kwa wasiofahamu: Studios ni monasteri kubwa ya mjini Konstantinopoli, mtu wake maarufu ni Theodori aliyefariki 826. Maisha ya pamoja, chakula pamoja, kazi kwa zamu, adhabu kwa mpishi anayevunja chungu. Yerusalemu ni mapokeo ya mtakatifu Saba, aliyefariki 532, watu wa jangwani, kila mmoja kwenye kijumba chake, wanakutana mwisho wa juma kwa mkesha wa usiku kucha. Studios haina mkesha huo. Sasa mtu akiwa Antiokia, katikati, afuate ipi? Mfungo huu siku ngapi? Mafuta yanaliwa? Divai je? Unaweza kucheka ukasema ni mambo ya chakula, lakini kwa watu ambao siku yao nzima ni sala na meza, ukigusa meza umegusa kila kitu.

Nikon akachambua, akaweka kinachokubaliwa na wengi na chenye ushahidi wa kanuni za kale. Waseljuki walipoichukua Antiokia akahama tena, safari hii kwenda monasteri ya Mama wa Mungu wa Komamanga. Kanuni alizoiandikia monasteri hiyo zimo pia ndani ya *Taktikon*.

Shemasi_Mstaafu

Kijana, nakufuatilia. Ongeza kwamba kulikuwa na mwenzake wa Konstantinopoli, Paulo wa Evergetis, aliyefariki 1054. Naye alikusanya mafundisho ya wazee wa jangwani kwa mada. Kwa hiyo Nikon hakuwa peke yake, ilikuwa karne ya wakusanyaji.

Kalamu_ya_Mwanzi

Shikamoo mzee. Sahihi kabisa, na tena tipikoni ya hiyo hiyo Evergetis ndiyo mtakatifu Sava wa Serbia aliyoitumia kuandika taratibu za Hilandari, monasteri ya Waserbia kule Athos, ule mlima wa watawa huko Ugiriki, mwishoni mwa karne ya 12. Ila Paulo anakusanya ili uwe mtakatifu, Nikon anakusanya ili usiwe na kisingizio. Ukisoma Paulo unapata hadithi za wazee wapole, ukisoma Nikon unapata kifungu.

Sasa twende kwa Waslavi, maana ndiko uzi unakokwenda.

Urusi ya Kiev ilibatizwa 988. Monasteri ya Mapango ya Kiev ilipokua, mkuu wake Theodosi (alifariki 1074) akaona watu wamejaa na hakuna sheria. Akatafuta tipikoni ya Studios, na toleo lililotafsiriwa kwa Kislavoni, lugha ya kale ya Kanisa la Waslavi, ni lile la Aleksi Mstudio, patriarki (mkuu wa Kanisa) wa Konstantinopoli, lililoandikwa kwa ajili ya monasteri aliyoijenga mwaka 1034. Na hapa kuna jambo tamu: maandishi ya Kigiriki ya Aleksi yamepotea. Yote. Leo mtaalamu wa Bizanti akitaka kujua Aleksi aliandika nini, lazima ajue Kislavoni, afungue miswada ya Kirusi kuanzia karne ya 12. Mtoto ndiye aliyebaki na sura ya baba.

*Pandekte* za Nikon zilifuata katika karne ya 12. Haikupita hata miaka mia moja tangu mwandishi afe! Kwa enzi hizo ni haraka mno. Kuna nakala yenye tarehe, ya mwaka 1296, ipo Moscow, na kuna vipande vya zamani zaidi ya hapo.

Wasomi wamegombana sana kuhusu nani alitafsiri. Upande mmoja unasema ilifanyika Urusi, maana ndani kuna maneno ya mtaani ya Waslavi wa Mashariki, ya fedha, mavazi na vyombo, ambayo Mbulgaria asingeyatumia. Upande mwingine unaona pia mkono wa Kibulgaria, kwa hiyo labda waliketi pamoja watu wa pande mbili. Binafsi naelemea hilo la kuketi pamoja, kwa sababu monasteri za wakati ule zilikuwa na wageni muda wote.

Kisha karne ya 14, huko Balkani, *Pandekte* zikatafsiriwa upya, na *Taktikon* nayo ikaingia Kislavoni. Kwa nini upya? Kwa sababu kipindi hicho hicho Kanisa la Waslavi lilikuwa linahama kutoka taratibu za Studios kwenda za Yerusalemu, na vitabu vingi vilikuwa vinarekebishwa kufuata Kigiriki cha Athos. Sasa jiulize, ukiwa unahama nyumba ya sheria namna hiyo, nani wa kumsoma kama si yule aliyekaa miaka akilinganisha mapokeo hayo mawili? Mwaka 1397 watawa wa Lisitsky, karibu na Novgorod, walinakili *Taktikon* kutoka kitabu kilicholetwa toka Athos. Nakala hiyo ipo hadi leo St. Petersburg.

Mtoto_wa_Kagera

Naweka kambi. Ila Kalamu, huyu Nikon ndiye yule aliyewavuruga Warusi wakaanza kuchomana moto kwa sababu ya vidole vya kufanya ishara ya msalaba?

Kalamu_ya_Mwanzi

@Mtoto_wa_Kagera hapana, huyo ni patriarki Nikon wa Moscow, karne ya 17, aliyepanda kiti 1652 na kuanza kubadili vitabu na ishara ya msalaba. Wametofautiana miaka 600.

Ila umenigusia sehemu inayonichekesha kuliko zote. Waliokataa mageuzi ya huyo patriarki, wale wanaoitwa Waumini wa Kale, jina Nikon kwao lilikuwa karibu na tusi. Lakini Nikon wa Mlima Mweusi walimpenda mno! Walimsoma, walimnakili, walimtumia kumpiga Nikon wa pili: "Tazameni, kanuni za kale zinasema hivi." Na walipotaka kuchapishiwa vitabu vyao, Urusi hairuhusu, wakapata mtambo wa uchapaji wa monasteri ya Pochaev, ambako *Pandekte* na *Taktikon* zilitoka mwaka 1795. Pochaev wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wabasili, yaani Wakatoliki wa ibada ya Mashariki walioungana na Roma. Kwa hiyo: mtawa wa Antiokia, amechapwa na watu wa papa, kwa ajili ya Warusi wanaoona hata Moscow imekengeuka. Biashara ni biashara.

Fundi_Makenika

Hapo umenimaliza. Kumbe uchapaji wa kimagendo wa vitabu vya dini upo zamani.

Shemasi_Mstaafu

Usiruke karne ya 15, ndipo penye nyama.

Kalamu_ya_Mwanzi

Nilikuwa nakuja huko mzee.

Mwisho wa karne ya 15 Urusi ina vigogo wawili wa utawa. Iosif Volotsky, aliyeanzisha monasteri yake karibu na Volokolamsk mwaka 1479: kubwa, tajiri, ina vijiji, ina nidhamu ya chuma, inalisha maskini wakati wa njaa na kutoa maaskofu. Na Nil Sorsky, aliyekwenda Athos, akarudi akajenga vibanda kwenye kinamasi kando ya mto Sora, kaskazini: watawa wawili watatu, kazi ya mikono, sala ya moyo, hakuna mali. Vitabu vya shule vinawaweka hawa wawili uwanjani kama timu mbili zinazogombea mashamba ya monasteri, na sinodi (mkutano wa maaskofu) ya Moscow ya 1503 ikiwa ndiyo fainali.

Nini kilitokea hasa kwenye sinodi hiyo, wanahistoria wa sasa wamekitilia shaka, maana maelezo mengi yaliandikwa baadaye na watu wenye upande. Tena kuna ushahidi kuwa wawili hao hawakuwa maadui kiasi hicho: Nil alinakili kwa mkono wake sehemu ya kitabu cha Iosif dhidi ya wazushi, na watawa wa Volokolamsk walikwenda kujifunza kwa Nil. Ugomvi mkali ulikuja kwa wanafunzi wao. Nyie mnajua mambo ya mashabiki.

Lakini angalia hili. Fungua Kanuni ya Iosif: Nikon wa Mlima Mweusi anatajwa. Fungua Kanuni ya Nil: Nikon wa Mlima Mweusi anatajwa. Iosif anamtaka kwa ajili ya nidhamu, utii, meza, jinsi ya kusimama kanisani. Nil anamtaka kwa sababu Nikon anasisitiza usifuate desturi kwa vile tu wakubwa wanaifuata, chunguza Maandiko kwanza, na kama hayaruhusu acha. Wote wako sahihi! Vyote vimo.

Hapo ndipo ninapomwonea Nikon huruma. Alikusanya ili watu waache kubishana, kila swali lipate jibu lenye saini ya Baba wa Kanisa. Alichoacha ni rafu ndefu ya hoja zilizopangwa kwa mada, tayari kuchukuliwa, na kila mwenye kesi aliingia akachukua zake. Nadhani ndiyo siri ya kitabu hiki kuishi. Kitabu chenye jibu moja kingekufa na monasteri yake.

Bi_Mwanaisha

Kaka Kalamu, mimi ni Mwislamu lakini nimeelewa haraka kuliko wengi humu, maana sisi tunavijua vitabu vya kukusanya hukumu kwa milango, na masheikh wawili kufungua mlango mmoja wakatoka na fatwa mbili. Swali langu: Afrika kilifika? Au kiliishia kwenye theluji?

Kalamu_ya_Mwanzi

@Bi_Mwanaisha kilifika, dada, na kwa njia ya Kiarabu. *Pandekte* zilitafsiriwa Kiarabu mapema sana huko huko upande wa Antiokia, zikaitwa *al-Hawi*. Zikaenda Misri kwa Wakristo wa huko, zikapanda Ethiopia. Mwaka 1582, enzi ya mfalme Sarsa Dengel, mtawa wa Debre Libanos aitwaye Salik akazitafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kigeezi, lugha ya kale ya Kanisa la Ethiopia: *Mashafa Hawi*.

Fikirini kidogo. Nikon ni mtu wa mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451, ule ambao Wakopti na Waethiopia waliukataa. Kwa karatasi za kiteolojia hawa hawakupaswa kusoma kitabu kimoja. Lakini mtawa wa Shewa, huko Ethiopia, alikuwa na maswali yale yale ya mtawa wa Novgorod: mfungo, utii, mali, toba. Ndiyo maana naudhika nikiona wataalamu wa Kislavoni wanamtafiti Nikon kama mali ya Warusi, wa Kiarabu kivyao, wa Kigeezi kivyao.

Fundi_Makenika

Na wazungu wa vyuo vikuu wamemfanyia nini? Kuna toleo la kusoma?

Kalamu_ya_Mwanzi

Kwa taabu sana. Vladimir Beneshevich, bingwa wa sheria za Kanisa la Mashariki, alianza kuchapisha Kigiriki cha *Taktikon* huko Petrograd (ndiyo St. Petersburg) mwaka 1917. Ndiyo, mwaka huo huo wa mapinduzi. Kazi haikumalizika. Yeye mwenyewe alifungwa, na mwaka 1938 akapigwa risasi na serikali ya Stalin. Ilibidi kusubiri hadi 2014 ndipo Christian Hannick na wenzake wakatoa *Taktikon* Ujerumani, Kigiriki na Kislavoni kwa pamoja. Tafsiri ya kale ya Kislavoni ya *Pandekte* ilikuwa imetolewa mwaka 2000 na mabibi wawili wa Bulgaria, Pavlova na Bogdanova.

Mtoto_wa_Kagera

Sawa mkuu. Mimi kwetu ni Waorthodoksi, babu alibatizwa huko. Swali la kawaida tu: hizi kanuni za mfungo alizozihangaikia, ule Mfungo wa Mitume wa mwezi wa sita ni hizo hizo? Maana mwaka 2024 padri alitutangazia kwamba mwaka huo haupo. Watu walishangilia, bibi yangu akanuna.

Kalamu_ya_Mwanzi

Ndio huo huo! Ile mifungo midogo, wa Mitume, wa Kulala kwa Mama wa Mungu na wa kabla ya Noeli, ilikuwa inabishaniwa sana wakati wake, wengine wakisema si ya lazima, na yeye ameiandikia kwa kirefu akiitetea.

Padri wenu hakukosea. Mfungo wa Mitume unaanza Jumatatu baada ya Jumapili ya Watakatifu Wote, ambayo tarehe yake inategemea Pasaka, na unaishia sikukuu ya Petro na Paulo, Juni 29, ambayo haihami. Patriarkati ya Aleksandria, ambayo nyinyi mko chini yake, inatumia kalenda mpya kwa sikukuu zisizohama lakini Pasaka inahesabu kwa kalenda ya zamani. Mwaka 2024 Pasaka yenu iliangukia Mei 5, Watakatifu Wote Juni 30. Yaani sikukuu ya Mitume ilipita kabla mfungo haujaanza. Warusi wanaofuata kalenda ya zamani kwa kila kitu walifunga siku 11 mwaka huo huo, kuanzia Julai 1.

Shemasi_Mstaafu

Na Nikon angesema bibi afunge.

Mtoto_wa_Kagera

Alifunga mzee. Siku zote 11, na Warusi. Alisema yeye hapangiwi na kalenda ya vijana.

Kalamu_ya_Mwanzi

Mpe bibi salamu zangu. Kesho jioni nitaleta ile barua ya *Taktikon* kuhusu watawa wanaouza kazi za mikono sokoni, nani awapangie bei. Fundi jiandae kubisha.